Mgonjwa

Kicheche alikuja usiku ule wa sakitu.
Asubuhi majani ya viazi bondeni yaliamka meusi,
kama yaliyomwagiwa maji ya moto.
Bandani tulikuta manyoya, mtetea mmoja hayupo,
na huyu wa kijivu kajibanza nyuma ya debe,
mgongo umefunuka kama begi lililokatika zipu,
mguu wa kushoto unaning'inia.

Mama alishabandika maji.
Si kwa ukatili: kuku aliyeumia ni mboga iliyowahi kufika,
na Skolastika alikwisha kumenya vitunguu.

Baba akasema, "Subirini."
Neno moja. Sisi tuliomzoea tulijua
hata hilo amelikopa.

Miaka ishirini na sita alipasua mbao Sao Hill.
Mikono yake hushika kikombe kama inashika nguzo;
sikuwahi kuiona ikifanya kitu kidogo.
Siku ile ilichonga mwanzi wa ulanzi,
vijiti viwili, vyembamba, urefu wa kidole,
ikavipitisha motoni visibaki na vibanzi,
ikaufunga mguu kwa kipande cha shati la kanisani,
lile lenye doa.

Maji ya chumvi, vuguvugu. Kisha asali.
Kisha jivii, chupa iliyobaki tangu tetekuwanga ya Edmundi,
ikamwagika mgongoni, mezani, kwenye kucha za baba.
"Wenzake wakiona nyekundu watamdonoa," alisema.
"Kuku hawana huruma na damu."
Akatazama dirishani.
Sikumwuliza anamfikiria nani.

Boksi la sabuni likawekwa jikoni karibu na mafiga,
maranda chini, gunia juu.
Usiku nilisikia kijiko kikigonga bakuli,
uji wa ulezi, tone kwa tone pembeni mwa mdomo,
na sauti nisiyoifahamu ikisema,
"Kidogo tu. Kidogo tu, basi."
Nilidhani tumepata mgeni.

Siku ya tatu hakula.
Siku ya nne alinya,
na baba akatuita wote tuje tuone.

Kwetu kuku hapewi jina; chenye jina hakiliki.
Lakini ukitaka kuuliza habari zake
lazima umwite kwa namna fulani,
ndipo akawa Mgonjwa.
Mgonjwa amekunywa?
Mfunikeni Mgonjwa, ukungu umeshuka.
Mligo wa ng'ambo ya mto akasikia huko njiani,
akaja na pole na nusu kilo ya sukari
akidhani ni mama.
Alipoonyeshwa boksi alicheka hadi akakaa chini,
akaaga,
sukari akaiacha.

Wiki ya tano vijiti vilifunguliwa.
Alisimama. Akaanguka. Akasimama tena, kwa hasira,
akamdonoa baba kidole gumba hadi damu,
akatoka nje akichechemea, mgongo zambarau,
kama mtu aliyeazimwa nguo ya sherehe.
Baba alikinyonya kidole.
"Sawa," akasema.

Jivii lilififia. Manyoya yakarudi, si yote.
Krismasi tulichinja jogoo
na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa niko Mbeya, Uyole, nimepanga chumba kimoja,
na kila Jumapili napiga simu Uwemba.
Skola amekwisha kunidokeza:
kifua kinambana, hospitali amekataa mara mbili.
Namwuliza, "Baba, hali?"
Mtandao unakatika, unarudi.

"Mgonjwa ameatamia," anasema,
"nyuma ya mlango. Usiku baridi kali, nimemwekea gunia."

"Na wewe?"

Nasikia ameiweka simu mbali
ili akohoe.
Kisha anarudi, pumzi fupi:
"Mayai tisa," anasema.
"Tisa."